Sarafu ya Malkia Victoria iliyotoka uso nje: ni kitu gani hiki, na nimjibu nini mnunuzi?

Binti_wa_Kopo

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada. Nitaeleza kwa maneno kwa sababu picha zangu zote zimetoka na ukungu, na simu ni hiyo hiyo moja.

Marehemu mjomba aliacha kopo la bati lililojaa vifungo vya nguo. Siku ya kugawana vitu vyake wenzangu walichukua vya maana, mimi nikaambiwa, "Wewe si unashona? Chukua vifungo." Nikachukua. Juzi natafuta vifungo vinne vinavyofanana kwa ajili ya blauzi, nikamwaga kopo zima kwenye kanga, likadondoka hili dude.

Ni sarafu, hilo halina ubishi. Ubavuni ina vimeno vidogo vidogo pande zote. Mbele yuko mwanamke mwenye shungi, na taji dogo ajabu utosini, kama vile amevalishwa la mtoto. Maandishi ni VICTORIA DEI GRATIA. Sasa kinachonishangaza: kichwa hakijalala bapa kama kwenye sarafu nyingine. Kimetoka nje! Nikiiweka mezani na kusogeza rula, uso umesimama karibu milimita 5 juu ya ukingo. Pua naweza kuibana kwa kucha. Nikigeuza nyuma kuna shimo lenye umbo la huyo huyo mama, kama kinyago ukikitazama kwa ndani. Kuzunguka shimo bado nasoma BRITANNIARUM REGINA FID: DEF: na chini kabisa 1889. Nyuma pia kuna mabonge mawili ya kitu cha kijivu, moja lina kikulabu kidogo kimebaki.

Upana wake ni milimita 32. Hakuna mahali palipoandikwa ni ya thamani gani.

Jirani yangu mmoja hununua vyuma na vito. Kaitazama sekunde tatu akasema, "Hii imeharibika, nitakupa bei ya madini kwa gramu." Sikupenda zile sekunde tatu. Je, ni sarafu ya kweli iliyobadilishwa, au ni bandia iliyomwagwa kwenye kalibu? Na kama ni ya kweli, bei yake hupimwaje?


Bahati_Nasibu

Dada, funga mdomo kabisa! Sarafu ya 1889, ya malkia, tena ina kosa la kiwandani ambalo halijawahi kuonekana! Makosa ya kiwandani ndiyo yanayouzwa bei ya nyumba. Usimwonyeshe mtu. Kwanza ipige msasa wa brashi na dawa ya meno ing'ae, ndipo upige picha nzuri.


Fundi_Kalibu

Binti, weka dawa ya meno mbali. Mbali kabisa. Nitarudi kwenye hilo.

Mimi nilichonga kalibu za vifungo vya sare na beji kwa miaka 31, kabla macho hayajaanza kunidai. Ulichoeleza ni kazi ya watu wa fani yangu, wala si kosa la kiwandani. Hakuna mtambo wa kupiga sarafu unaoweza kukosea kwa namna hiyo, uso ukatoka milimita 5 mbele na nyuma ukaacha shimo linalolingana nao. Hilo ni jambo lililofanywa kwa makusudi, baada ya sarafu kutoka kiwandani na kupita mikononi mwa watu.

Iko hivi. Fundi anachonga kalibu mbili za chuma kigumu, dume na jike. Jike lina uso uliozama, dume lina uso ule ule uliotokeza, mdogo kidogo ili unene wa chuma upate nafasi. Sarafu inalala katikati, inashinikizwa kwa presi. Fedha ikipigwa hukakamaa, kwa hiyo ukitaka kina kama hicho unaipasha moto ilainike, unaipiga tena, na pengine tena. Ukiharakisha, chuma hupasuka penye kunyumbuka zaidi: ncha ya pua, kidevu, nyuma ya shungi. Chukua lenzi uangalie hapo. Ufa mwembamba kama unywele si ajabu.

Wauzaji wana majina mengi. Ukitafuta mtandaoni andika pop-out coin, au neno la Kifaransa repoussé, maana yake kusukumwa. Mimi naziita sarafu za uso nje, basi. Zilipendwa sana Uingereza na Marekani kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Watu walizivaa kama pini za kifuani, pini za tai, vifungo vya mikono ya shati, vining'inio vya mnyororo wa saa. Hayo mabonge ya nyuma ndiyo makaburi ya pini yako.

Sarafu yenyewe ni nusu krauni ya Uingereza. Sura hiyo ni ya Jubilei, ilianza 1887 Victoria alipotimiza miaka 50 kwenye enzi, ikatumika hadi 1893. Aliyeichora ni Joseph Edgar Boehm, na hilo taji dogo lilichekwa hata wakati ule, kwa hiyo hujakosea kulishangaa. Kutokuandikwa thamani nako ni kawaida ya toleo hilo.

Sasa ni ya kweli au si ya kweli? Kabla ya mzani, itumie nyuma. Mbele kila mtu anaweza kukudanganya. Chungulia ndani ya shimo kwenye mwanga wa pembeni. Nusu krauni hii nyuma ilikuwa na ngao yenye taji. Ngao ile haikufutwa, ilisukumwa. Kwa hiyo kwenye kuta za shimo unatakiwa kuona mabaki yake yaliyovutika, kama picha iliyochapwa kwenye puto kisha puto likapulizwa. Ukiyaona, hiyo ni sarafu iliyosukumwa. Ukikuta shimo lina chembechembe kama ganda la chungwa, na ubavuni kuna mstari wa kiungo kuzunguka, hiyo imemwagwa. Ukikuta vishimo vidogo vya nyundo na patasi butu, basi mtu aliifanya kwa mkono bila kalibu, na hilo ni jambo lingine tena, na zuri.

Kuna na ujanja wa tatu: uso unapigwa peke yake kwenye bati jembamba la fedha, kisha unalehemiwa juu ya sarafu. Hiyo nyuma yake haina shimo, na shingoni kuna mstari wa lehemu. Yako ina shimo, kwa hiyo huo tunauondoa.

Halafu pima uzito. Hili ndilo jambo ambalo jirani yako wa sekunde tatu hakulifanya. Kusukuma hakuongezi chuma wala hakupunguzi. Nusu krauni iliyotoka kiwandani ilikuwa gramu 14.14. Ikichakaa inapungua kidogo, na yako ina mabonge ya lehemu yanayoongeza kidogo. Ukikuta 9 au 20, njoo tuzungumze upya.

Na kama unaweza kupata mzani wa sonara unaosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, pima na maji. Weka kikombe cha maji juu ya mzani, bonyeza isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi, izamishe yote ining'inie bila kugusa chini wala ukuta. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Fedha ya Uingereza kabla ya 1920 ilikuwa sehemu 925 kwa 1000, inatakiwa itoe kama 10.3.


Bahati_Nasibu

Sawa mzee, lakini miaka zaidi ya mia ni miaka zaidi ya mia.


Fundi_Kalibu

Hata jiwe la njiani lina miaka zaidi ya mia, kijana. Nusu krauni za 1889 zilipigwa kwa mamilioni.


Binti_wa_Kopo

Shikamoo Fundi. Asante sana. Nimefanya yote, na nina huzuni.

Kwanza shimo: nimeona! Kwenye shavu kwa ndani kuna mistari ya ngao imepinda, na sehemu ya taji imevutika ikawa kama imeyeyuka. Nilifurahi. Ubavuni hakuna mstari wowote, vimeno vyote viko safi isipokuwa sehemu ndogo karibu na lile bonge lenye kulabu.

Uzito: gramu 14.60. Nikafurahi zaidi.

Kisha maji. Nimeazima mzani kwa rafiki yangu anayeuza mikufu. Nimefanya kama ulivyosema, uzi, kikombe, haikugusa chini. Mzani ukasoma 1.71. Nikagawanya mara tatu nikidhani nimekosea: 8.54. Rafiki yangu akasema hiyo ni shaba ya manjano iliyopakwa fedha. Kwa hiyo jirani alikuwa ananionea huruma na hiyo bei yake?


Fundi_Kalibu

Marahaba. Usilie bado.

Uliizamisha uso ukitazama juu, sivyo? Kama bakuli lililofunikwa?


Binti_wa_Kopo

Ndiyo. Nilitaka kumwona usoni.


Fundi_Kalibu

Basi umemzamisha na pumzi yake. Shimo la nyuma lilikuwa limekumbatia hewa. Mzani umehesabu ile hewa kama sehemu ya sarafu, ndiyo maana umepata kitu chepesi. Rudia: funga uzi kwenye ukingo, iingie majini kwa ubavu, itikise taratibu, uigeuze mpaka povu lote litoke. Maji yaliyochemshwa kisha yakapoa hayana viputo vingi. Tone moja la sabuni nalo husaidia maji yapenye kwenye pua na kope.

Na hii ni onyo kwa wengine wanaosoma: ukikutana na sarafu ya uso nje ambayo nyuma imefunikwa kibati, kipimo cha maji hakikufai kabisa. Hewa imefungwa mle ndani na hutaitoa bila kubomoa kitu. Hapo tegemea macho tu.


Binti_wa_Kopo

1.42!!! Nimerudia mara nne. Mara tatu 1.42, mara moja 1.43. Gramu 14.60 kwa 1.42 ni 10.28. Kilitoka kiputo kikubwa kama punje ya dengu, nikasikia kama mtu ametoa pumzi. Rafiki yangu wa mikufu amenyamaza.


Fundi_Kalibu

Ndiyo hiyo. Pale ilipopungua chini kidogo ya 10.3 ni mabonge ya lehemu, maana risasi iliyochanganywa na bati ni nyepesi kuliko fedha. Una nusu krauni halisi ya fedha iliyosukumwa kwa kalibu.


Mwalimu_wa_Vipande

Niongeze kidogo wakati Fundi anapumzisha vidole. Mimi nakusanya sarafu zilizochezewa, si sarafu safi, na wakusanyaji wenzangu wananicheka kwa hilo.

Usiichanganye hii na jamaa zake. Kuna vipande vya nikeli vya Marekani vya senti 5 vyenye Mhindi Mwekundu na nyati, vilivyoanza 1913, ambavyo watu wasio na makazi walivichonga kwa visu na patasi, Mhindi akageuzwa bwana mwenye ndevu na kofia. Pale chuma kinaondolewa au kusogezwa juu juu, nyuma hapatokei shimo. Wachongaji wawili, Bertram Wiegand na George Washington Hughes, majina yao yanajulikana, na kazi ya kila mmoja inatambulika kwa mkono wake. Kuna sarafu za mapenzi, upande mmoja umesuguliwa ukawa laini kisha zikachongwa herufi za majina ya wapendanao. Kuna zilizotiwa rangi za kioo. Na kuna zile za Napoleon III, mfalme wa Ufaransa: baada ya kushindwa na Waprusia pale Sedan, Septemba 1870, watu walizichukua senti zake za shaba wakamvisha kofia ya Kiprusia yenye mwiba, na tai wa nyuma wakamgeuza bundi. Hasira za siasa kwenye kitu cha mfukoni.

Za uso nje hazina hasira. Ni urembo na mzaha. Victoria wa Jubilei, Victoria mzee mwenye shela aliyechorwa na Thomas Brock kuanzia 1893, na wafalme waliomfuata, Edward VII na George V. Upande wa Marekani utakuta dola za Morgan, nusu dola za Barber (hayo ni majina ya waliozichora), na zile nusu dola za Columbus za 1892 na 1893 zilizotolewa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Chicago. Columbus anafaa sana kusukumwa, ana uso wa nyama.

Watu huuliza kama ilikuwa halali. Sheria ya Uingereza ya 1861 kuhusu makosa ya sarafu ilikataza kuharibu sarafu ya Malkia kwa kuigonga majina au maneno. Maneno! Ilikuwa inawakomesha wenye matangazo. Ndiyo maana watengenezaji wa sabuni ya Pears walipotaka kutangaza kwenye sarafu walichukua senti 10 za Kifaransa, wakagonga jina lao juu ya sarafu ya wenyewe. Sasa aliyesukuma pua ya Malkia mbele hakuandika neno lolote. Sijui aliomba radhi kwa nani.

Na toleo hilo hilo la Jubilei lilikuwa na kisa cha ulaghai. Peni sita ya 1887 ilifanana na nusu sovereni ya dhahabu, na haikuandikwa thamani, kama nusu krauni yako. Wajanja wakazipaka dhahabu. Serikali ikaiondoa, na mwaka ule ule ikatoka nyingine yenye maneno SIX PENCE. Kwa hiyo sarafu kubadilishwa kwa kuchezea na sarafu kubadilishwa kwa kuiba ni mambo mawili tofauti, na yako ni ya kwanza.


Binti_wa_Kopo

Mwalimu, nimeipenda ya bundi. Lakini jirani amepiga simu tena. Nimjibu nini?


Fundi_Kalibu

Tuje kwenye bei. Kiasi cha pesa sitakutajia. Bei ya leo si ya kesho, na mtu anayekutajia bei ya kitu asichokishika anakuuzia upepo. Nitakupa namna ya kuifikia.

Sakafu ni madini. Gramu 14.14 mara 0.925 ni 13.08 za fedha safi. Yako imechakaa kidogo, na mabonge usiyahesabu, basi sema 12.8. Zidisha kwa bei ya gramu moja ya fedha siku hiyo. Chini ya hapo hakuna mazungumzo. Ukikutana na krauni nzima hesabu ni 26.16, dola ya Morgan ni 24 na kidogo, nusu dola ya Barber ni 11.25. Peni za bronzi hazina sakafu, zile unalipia kazi tupu.

Juu ya sakafu, sahau sarafu. Hapa ndipo wengi wanakwama, akiwemo kijana wetu Bahati. Wanafungua katalogi ya sarafu, wanatafuta 1889, wanasoma bei ya ile iliyo safi kabisa, wanapigia mstari. Katalogi ile haikuhusu tena. Kampuni za kupima daraja kama PCGS na NGC hazitaipa daraja la kawaida, wataandika imebadilishwa au imeharibiwa. Hata ingekuwa mwaka adimu, uadimu wake ulibaki chini ya presi. Kichekesho ni kwamba nusu krauni ya kawaida ya mwaka huo, iliyochakaa, haiuzwi mbali sana na sakafu ya madini. Ile iliyosukumwa vizuri huweza kuipita. Uharibifu umekuwa ndiyo mali.

Kwa hiyo unauza kazi ya kalibu. Mtazame usoni. Huyo si Victoria wa Boehm aliyekuzwa, ni Victoria aliyechongwa upya na fundi usiyemjua. Kope zipo? Tundu la pua limechongwa au ni kijishimo tu? Nywele zinaenda kama nywele au kama mistari ya shamba? Sikio? Mimi huangalia sikio kwanza. Fundi mvivu hujificha kwenye pua kwa sababu pua ndiyo watu wanaitazama, sikio analiacha kama donge la ugali. Ukimkuta mwenye sikio zuri, umemkuta fundi.

Kisha umri wa kazi yenyewe. Hiyo 1889 inakuambia sarafu ilipigwa lini, haikuambii ilisukumwa lini. Sarafu za uso nje zinatengenezwa hata leo, nyingine kwa sarafu za zamani kabisa. Ushahidi wa umri utafute kwenye uchakavu: ncha ya pua na taji ziwe zimelainika kwa kusuguana na nguo, wakati weusi umetulia kwenye nywele na kwenye mkunjo wa shingo. Kitu kipya mara nyingi kinang'aa juu na chini sawasawa, au kina weusi uliopakwa, unaokaa hata pale ambapo kidole kingeufuta. Na hiyo ndiyo sababu ya ugomvi wangu na dawa ya meno. Ukisugua, umefuta cheti cha kuzaliwa.

Kinachopunguza: ufa, taji lililobonyea, ukingo uliopinda, tundu la kutobolea mnyororo. Na mabonge yako. Sonara mwenye heshima hulehemu kwa lehemu ya fedha, inayotiririka nyembamba na nyeupe. Bonge la kijivu ni risasi, maana yake ama iliundwa kwa haraka au pini iling'oka mtu akairudisha nyumbani kwake. Inashusha, lakini si msiba.

Hapo sasa nisikilize vizuri. Jirani au mtu mwingine akikuambia "nitakusafishia hayo mabonge kwa moto, dakika moja," mnyang'anye sarafu ukimbie. Nilikuwa na shilingi ya George V, uso nje, fundi wake alikuwa na sikio la kuitwa sikio. Ilikuwa na bonge la risasi nyuma ya shingo. Mimi, mtu wa kalibu miaka 31, niliyekuwa nawafundisha vijana wengine, nikawasha moto wa mtungi wa gesi ili bonge lidondoke. Halikudondoka. Risasi ikipata moto juu ya fedha huingia ndani yake na kuila. Niliona doa jeusi likizama pale shingoni kama sukari kwenye chai, na nilipozima moto Mfalme alikuwa na tundu linalopitisha uzi. Ninayo bado. Siiuzi, na sitaki mtu aniulize kwa nini ninaiweka kwenye droo ya miwani.


Bahati_Nasibu

Mzee pole sana. Hapa hata mimi nimeumia.


Mwalimu_wa_Vipande

Binti, jambo moja la sokoni. Unapotafuta bei za kulinganisha, angalia zilizouzwa, si zinazoombwa. Mtu anaweza kuomba chochote, tangazo likakaa miaka miwili. Matokeo ya minada yanaonyesha bei ambayo mtu alilipa kweli. Linganisha sarafu ya aina ile ile, sura ile ile, yenye pini au isiyo na pini. Na usiishie kwa wauza sarafu. Wengi wao wataitazama kwa sekunde tatu zile zile. Wanunuzi wazuri wa vitu hivi ni wapenzi wa mapambo ya kale.


Binti_wa_Kopo

Nimemwambia jirani siuzi wiki hii. Akasema bei ya fedha itashuka. Nikamwambia sikio halishuki. Hakunielewa. (Sikio lipo, Fundi! Lina hata kile kinyama cha mbele. Na hereni ndogo.)

Halafu kuna jingine. Baada ya kusoma habari za pini nimerudi kwenye kopo, nikapanga vifungo vyote kimoja kimoja kwenye shuka. Chini kabisa, imekwama kwenye mkunjo wa bati, kulikuwa na sindano nene iliyopinda kidogo. Upande mmoja ina kijibonge cha kijivu kama kile cha sarafu. Nimeiweka juu ya lile bonge lisilo na kulabu na imekaa kama jino kwenye fizi. Lakini ni ndefu mno. Sarafu ni milimita 32, sindano ni 38. Ikifika kwenye kulabu inapita na kutokeza nje ya ukingo. Ni yake kweli, au ni ya kitu kingine?


Fundi_Kalibu

Kile kikulabu kina umbo gani? Kina kikufuli cha kuzungusha, au ni wazi tu?


Binti_wa_Kopo

Wazi tu. Kama herufi C.


Fundi_Kalibu

Basi ni yake. Pini za zamani za kifuani zilikuwa na kulabu wazi ya C bila kufuli, na sindano ikawa ndefu kupita ukingo kwa makusudi, ili mvaaji airudishe ichome kitambaa mara ya pili isichomoke. Vikufuli vilipoenea, sindano zikafupishwa. Huwezi kuapa kwa mwaka, lakini mtu wa juzi angetumia yenye kufuli.

Usiinyooshe, usiibandike kwa gundi, na moto tumeshauzungumza. Weka sindano kwenye bahasha ya karatasi, sarafu kwenye bahasha nyingine, zisigusane, zote mbili ndani ya kopo lile lile. Na kopo usilitupe.


Binti_wa_Kopo

Kopo lipo. Vifungo vinne vya blauzi ndivyo sijavipata, nimepata vitatu.